Kitambaa Chenye Sura

Lubumbashi, Hewa Bora
Tarehe 8 mwezi wa tatu 2025

Mwipwa wangu Chance,

Amani ya Bwana ikukute mzima huko Dar es Salaam. Sisi huku tuko wazima, isipokuwa goti la mama yako, ambalo linajua mvua itanyesha kabla mawingu hayajajua. Mvua ya mwaka huu imekataa kuondoka. Ukuta wa choo chetu umeangukia upande wa jirani. Yeye anasema niutoe, mimi nasema ukuta uliovuka mpaka si wangu tena. Mke wangu anakusalimu. Mdogo wako Lydie amekwisha pata karatasi zake zote za shule, na sasa akili yake iko Dar kabla ya miguu. Ukimtuma chumvi anarudi na sukari.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Simu ni ya salamu, lakini jambo huandikwa.

Mwezi wa kwanza uliniambia kwamba wewe na wenzako mmetoa programu ya mafundi wa nguo, Mshono, na watu wameipenda. Nilifurahi, nikatangaza jumuiyani baada ya rozari, mpaka wale wanaosinzia nyuma wakasikia. Mwape, yule fundi wa Kamalondo anayemshonea mama yako, akasema kama ni hivyo anaitaka kwenye kompyuta yake. Tukaenda. Tukafungua lile magazini, yaani duka, la programu lililomo ndani ya kompyuta yenyewe, tukaandika Mshono. Haikutoka. Tukaandika jina lako, ikatoka michezo ya kamari. Mwape alirudi kwenye cherehani yake akakanyaga kwa nguvu.

Unajua mimi ni mtoto wa kambi ya wachimbaji. Zamani zetu kitu cha halali kilitoka kantini ya kampuni: unga, samaki, sabuni, unaonyesha kadi unapewa. Kilichouzwa nyuma ya nyumba hukuuliza kimetoka wapi, maana ulijua.

Sikuulizi neno. Nakueleza tu. Lakini baba yako mdogo Godefroid, tangu marehemu baba yako azikwe, anajiona ndiye mchungaji wenu, naye amesikia. Alikuja hapa, akakataa chai. Akasema, "Liévin, huyu mutoto anatumika kazi gani kule? Kama ile kintu iko ya kweli, ingekuwa mu magazini sawa bya bengine. Lydie haendi kule mupaka tuyue." Kwa desturi ya kwetu, neno la mwisho juu ya watoto wa dada ni la mjomba. Kwa hiyo Lydie atakuja kusoma kwako mwezi wa nane, au hatakuja, na mimi ndiye nitakayesema. Nimemjibu Godefroid kwamba nafikiri.

Basi niandikie inapatikana wapi. Barua hii inakuja na Pierre, dereva wa basi la Dar. Usimpe kitu, ameshakula kwangu.

Mjomba wako,
Liévin Mukuka

*

Dar es Salaam, Sinza
4 Aprili 2025

Mjomba wangu Liévin,

Shikamoo. Usicheke, huku wamenizoesha. Barua yako imechelewa kwa sababu Pierre alikwama mpakani Kasumbalesa kwenye foleni ya malori mpaka abiria wakaanza kupika kando ya barabara. Mimi ni mzima. Joto ni kali, chumba chetu cha kazi kina feni moja, na wenzangu wawili hugombania upande wake kila asubuhi. Pole kwa goti la mama. Mwambie asikae sakafuni kuchambua maharagwe.

Nilikupigia Jumapili. Uliniuliza kama Dar kuna mvua, nikasema ipo, ukasema vizuri sana, ukampa simu mke wako.

Umeniuliza bila kuniuliza, nami nakujibu. Mshono haimo magazini. Hatukufukuzwa wala hatukukataliwa; hatukuiweka. Inapatikana kwenye tovuti yetu wenyewe. Sababu ni ndefu na zinachosha. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi sitajitembeza mbele ya jumuiya.

Kuhusu Baba Godefroid sina neno. Mwambie Lydie kitanda chake kipo.

Mpwa wako,
Chance

*

Lubumbashi, Hewa Bora
Tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Mwipwa wangu,

Tunamshukuru Mungu kwa uzima. Mvua imekwisha, vumbi limerudi kazini. Jirani ameutumia ukuta wangu kujengea banda la kuku, kwa hiyo kesi imekwisha na mayai nimeahidiwa. Barua yako niliipata, ilikuwa fupi. Kiswahili chako kimekuwa cha watu wa pwani, mke wangu alisema huyu atatuandikia na sisi kama serikali.

Nina furaha ya kukuambia kwamba ulikuwa unanitania, kwa maana nimeiona. Iko magazini! Mwape alitafuta tena, ikatoka: Mshono Plus, na kile kibunda cha uzi mwekundu ulichonionyesha kwenye picha. Nikasema, haya, mtoto amesikia maneno ya mjomba wake, ameingia kantini. Jina la chini ni la mtu mwingine, nikadhani ni mmoja wa wenzako. Niliwaambia watu wote jumuiyani.

Ilikuwa karibu na sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi. Wamama walikuwa wamepata liputa lao, lile lenye picha ya Mtakatifu ameshika randa. Unajua jinsi kitambaa hicho kinavyotafutwa. Ukikiharibu hupati kingine. Mwape akasema programu ya mtoto wa Jeanne ianze na nguo ya Jeanne, mama yako. Akaingiza vipimo, karatasi zikatoka, akaziamini, akakata, akashona.

Mwape anakusalimu. Anauliza kama huko Dar es Salaam Mtakatifu Yosefu husimama kwa kichwa.

Mama yako aliivaa. Nilimwambia aache, akanijibu, "Ni mutoto wangu njo alipima." Alikwenda nayo kwenye maandamano amejifunika kitenge mgongoni, jua lote lile, na hakukitoa hata wakati wa kucheza. Godefroid alikuwepo kanisani. Hakusema kitu, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu Godefroid akiwa na neno zuri au baya hulisema.

Vitambaa vya wamama wengine Mwape amevikunja. Hakati. Lydie alitaka kununua begi, nimemwambia angoje kidogo.

Sina neno lingine. Kula vizuri.

Mjomba wako,
Liévin

*

Dar es Salaam, Sinza
29 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima wote. Pierre alinikabidhi barua yako stendi, nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwa Mtakatifu Yosefu nilicheka kwa sauti. Nilipofika kwa mama na kitenge chake mgongoni, nilikaa juu ya mzigo wa mtu nikalia, mpaka mwenye mzigo akaniletea maji. Nikakupigia pale pale. Mke wako akapokea, nikasikia nyumba imejaa watu, nikauliza habari za goti.

Ile uliyoikuta magazini si yetu. Soma tena: si yetu. Mtu nisiyemjua amechukua jina letu, akabandika neno Plus, akachora uzi kama wetu, akajiweka pale kwa sababu sisi hatupo pale. Programu yake hugeuza vipande huku na huku ili kitambaa kisipotee, na kwenye kitambaa cha maua huwezi kujua. Yetu isingemgeuza Mtakatifu. Kwa nini, utajionea. Tumekwisha wapelekea malalamiko wenye duka.

Sasa nikueleze nilichokataa kukueleza Aprili. Duka lile ni la kampuni iliyotengeneza mfumo wa kompyuta. Lina sheria zake. Programu ikiingia humo mara nyingi hufungiwa kwenye chumba chake, isiguse mafaili ya wengine, isizungumze na mashine yoyote mpaka iruhusiwe. Kwa mchezo wa karata ni sawa kabisa. Lakini Mshono kazi yake ni kuzungumza: na printa kubwa ya karatasi, na zile cherehani za nakshi za zamani zenye waya wa kizamani ambao hata mwenye cherehani ameusahau. Tukiifungia chumbani itabaki picha tu. Halafu kila tunaporekebisha kitu lazima mkaguzi wao apitie kwanza. Fundi wa Mbeya aliniambia kola inapinda; jioni ile nilimtumia iliyonyooka, kesho yake akamaliza suti ya bwana harusi. Angengoja ukaguzi, bwana harusi angeoa na kola imepinda. Duka pia hukata fungu lake, na mteja anakuwa wa duka, sisi hatujui hata anaitwa nani wala cherehani yake ni ipi. Na lingine ambalo wewe unalijua kuliko mimi: Mwape na umeme wenu ule, na intaneti ile. Yetu anaibeba kwenye flashi, anaiweka, anafanya kazi hata akiwa gizani na jenereta.

Wala si sisi peke yetu. Programu ya wachoraji wa majengo, ile ya wapangaji wa vitabu, zile za watu wa studio, nyingi tangu zamani watu wanazifuata kwa wenyewe. Nyingine ziliingia dukani zikatoka. Sisemi duka ni baya. Lina mlango na mlinzi, na mtu asiyejua aende wapi anapona humo mara nyingi. Lakini mlinzi naye husinzia, kama ulivyoona kwa Yosefu.

Nikwambie na hili. Juma lile barua yako ya kwanza ilipofika, wenzangu walikuwa wanabishana tena kama tuingie dukani, na kura iliyobaki ilikuwa yangu. Nilikaribia kusema tuingie, kwa sababu moja tu, ili uandike Mshono pale kwa Mwape na ukute jina langu. Sikusema. Ndiyo maana nilikujibu kwa mkato. Nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe kwamba nilitaka kuharibu kazi ili mjomba wangu aniamini.

Pierre ana flashi kwenye bahasha. Mwambie Mwape aifute ile Plus kwanza. Akiifungua yetu, kompyuta itamwuliza kama anairuhusu, na itaonyesha jina la mtengenezaji. Asibonyeze ndiyo kabla hujalisoma wewe. Likiwa jina la mtu mwingine, au ikisema hajulikani, achomoe flashi, ujue imebadilishwa njiani.

Mpwa wako,
Chance

*

Lubumbashi, Hewa Bora
Tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Chance, mwipwa wangu,

Leo nianze na jambo, salamu zitafuata. Mungu anisamehe na wewe unisamehe. Nimelisoma!

Nilimchukua Godefroid kwa makusudi. Nilimwambia twende Kamalondo, nina suruali ya kupunguza. Mama yako alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye benchi la wateja na goti lake. Mwape akafuta ile ya mwizi, akachomeka flashi. Kompyuta ikafanya giza kidogo kama inavyofanya, ikaleta kidirisha katikati: je, unairuhusu programu hii? Na chini yake, mtengenezaji: Ngosa na Wenzake.

Mwape akanyoosha kidole abonyeze. Nikampigia kelele, "Acha! Usiguse!" Nilitaka tu kuendelea kuliangalia. Godefroid akasogea, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Iyi ni jina ya yaya yangu," akasema juu ya marehemu kaka yake.

"Njo yenyewe," nikasema.

"Nani aliiandika mule?"

"Mutoto wake."

Akavua tena miwani, akaipangusa. Ndipo umeme ukakatika. Kompyuta ya Mwape haina betri ya kusema, ikazima. Mama yako akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti. Tulikaa pale mchana mzima kungoja umeme, na hakuna aliyependekeza turudi nyumbani, hata Godefroid.

Ndiyo hapo alipoanza. "Sawa, iko yake. Lakini kama iko muzuri, sababu gani haiko mu magazini?"

Barua yako nilikuwa nayo mfukoni, lakini sikuitoa. Nilimwuliza, "Munkoyo ya Mama Chola, ile unakunywa kila siku ya Mungu kisha misa, iko mu supermarché?"

"Haiko."

"Juu ya nini? Iko mubaya?"

"Mubaya namna gani! Ni ya kwanza mu Kampemba yote."

"Basi?"

Akafikiri. Godefroid akifikiri, unaona mdomo wake unatembea. "Kule batamuambia aitie mu chupa yabo," akasema. "Batasema aikae siku mingi, ikiikaa inakufa. Na bantu bake hatabaona tena. Mama Chola anayua miye napenda ya kukolea."

"Sasa weye njo umesema," nikamwambia.

Mwape akaongeza kwamba kule supermarché kuna chupa zimeandikwa munkoyo, alinunua moja, akayamwagia maua. Tulicheka wote. Nilikuwa nimesahau kicheko kinavyokaa kifuani.

Umeme uliporudi, Mwape alibonyeza ndiyo. Na sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniandikia. Kabla ya kupanga vipande, programu yako iliuliza aina ya kitambaa. Cha rangi moja. Cha maua. Cha mistari. Na cha nne: kitambaa chenye sura ya mtu, usipindue. Mwape akasimama. Akasema, "Huyu hakuzaliwa Dar." Mimi sijui mafundi wa pwani wanashona nini, lakini hicho kimeandikwa na mtu aliyekua anatazama mgongo wa mama yake kwenye maandamano. Mama yako alikwenda kusimama karibu na kioo cha kompyuta akaweka kidole pale kwenye neno sura, akakiacha hapo.

Mwape amekata nguo zote za wamama. Mayosefu wote wamesimama sawasawa na randa zao. Ile ya mama yako alitaka kuibadilisha mgongo kwa kipande kilichobaki, mama yako amekataa, anasema hiyo anaipenda hivyo hivyo, na sasa anaivaa bila kitenge.

Nimesema neno langu mbele ya Godefroid, na Godefroid ameitikia: Lydie anakuja. Begi amelinunua yeye Godefroid, jekundu, kubwa kuliko Lydie.

Salamu sasa. Ni baridi, asubuhi tunaota moto uani. Jirani ameleta mayai. Nimelala vizuri wiki hii yote.

Mjomba wako anayejivuna,
Liévin

*

Dar es Salaam, Sinza
21 Julai 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua yako nimewasomea wenzangu kwa sauti, nikitafsiri munkoyo kadiri nilivyoweza. Mmoja ameuliza kama Mama Chola anatafuta kazi ya kusimamia biashara.

Duka limeiondoa ile Plus. Tumefurahi, na tumekubaliana kuandika kwenye tovuti yetu, kwa maneno makubwa, kwamba hatumo dukani na kwa nini, ili mtu asipotukuta pale asidhani tumejificha. Hilo tungelifanya tangu mwanzo. Ni wewe uliyetufundisha, ingawa ulifundisha kwa kutuchoma.

Kitufe kile cha sura nilikiweka cha kwanza kabla ya vingine vyote. Wenzangu walisema hakina kazi. Sasa mafundi wa hapa wanakitumia kwa kanga na fulana za wagombea.

Mwambie Lydie asibebe chumvi, huku ipo. Nimepunguza pumzi kifuani, Mjomba. Sijui kama nimesema vizuri kwa Kiswahili chochote.

Chance

*

Lubumbashi, Hewa Bora
Tarehe 16 mwezi wa nane 2025

Mwipwa wangu Chance,

Utaipokea barua hii mkononi mwa Lydie, kwa hiyo habari za nyumbani atakupa yeye, na ataongeza chumvi. Ninachotaka kukuambia ni kidogo, nami nimeifunga bahasha kwa gundi ili asisome njiani.

Leo asubuhi hapa stendi, kabla basi halijaondoka, wakati mama yako anamfunga Lydie kitambaa cha kichwa mara ya kumi na Godefroid anagombana na mpakiaji juu ya lile begi, mke wangu aliniuliza kwa nini Pierre aliniita pembeni akacheka. Sikumjibu. Wewe nakujibu.

Mwezi wa tano, baada ya sikukuu ya Yosefu na kabla ya majibu yako, nilikwenda kwa Pierre nikamwomba kiti kwenye basi hili hili, safari ya mwezi wa nane. Kilikuwa cha kwangu. Nilitaka kuja Dar nikurudishe nyumbani, nikidhani kazi imekushinda, na nilikuwa nimeapa kwamba njia nzima sitakuuliza swali hata moja. Mwezi wa saba, tulipotoka kwa Mwape, sikupita nyumbani. Nilimfuata Pierre nikamwambia kiti kile asikiuze, nikampa jina la Lydie.

Mpokee mdogo wako.

Liévin